MORO SIYO MSAMVU! Shuka garini ukapande mlima

Kama bado mnapumua na mfukoni kumebaki hata kidogo, basi wiki hii tunatoka nje ya Jiji. Hatwendi mbali. Tunakwenda Morogoro, mji kasoro bahari.

Najua wengine mmeshaanza kukunja uso. "Moro? Si pale tunapochimba dawa, halafu safari inaendelea?" Haya, ndiyo matatizo yenu hayo! Kuna vijana wa Dar wamepita Morogoro mara ishirini, wakienda Iringa, Mbeya, Dodoma hata Mwanza, lakini wanachokijua ni Stendi ya Msamvu tu: choo, korosho, mahindi ya kuchemsha, na konda anayepiga kelele kwamba gari linaondoka. Wanarudi kwenye viti, wanavuta pazia kwa sababu jua linawapiga, na nyuma ya pazia hilohilo kuna mlima wa zaidi ya mita 2,000 unawachungulia. Sasa huo kama si ushamba ni kitu gani?

Zamani ulikuwa na kisingizio. Foleni ya Kimara, foleni ya Kibaha, foleni ya Chalinze, unafika Moro jua linazama na kiuno kinauma. Siku hizi hakuna kisingizio. Tangu Juni 14, 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro, na safari haizidi saa mbili. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh 13,000. Kuna watu wanamaliza hela hiyo kwa chipsi kuku na soda mbili! Wajerumani walipofikisha reli yao hapa mwaka 1907, abiria hakuota kwamba iko siku mtu atakunywa chai Dar na kabla haijashuka tumboni yuko Morogoro.

Ila uwe mjanja. Stesheni mpya iko Kihonda, siyo katikati ya mji. Ukishuka utavamiwa na bodaboda na bajaji, kila mmoja anakuita "bosi". Ukiitwa bosi shika mfuko wako, patana bei kabla hujapanda, halafu twende.

Sasa treni hiyo imetuletea aina mpya ya mtalii. Anafika asubuhi kavaa miwani nyeusi, anakwenda moja kwa moja kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, anaagiza kuku, anapiga picha 40 mlima ukiwa nyuma ya mgongo wake, jioni anarudi Dar. Kesho yake anatamba kijiweni kwamba alikuwa Moro. Ndugu yangu, hukwenda Moro. Ulikwenda kupiga picha na Moro. Bwawa la kuogelea liko hata Sinza. Raha ya Morogoro iko juu, na huko juu hakuna anayekubeba.

Ukisimama mjini ukatazama kusini, kilele kile kinachoukalia mji kama bibi anayelinda kuku ndicho Lupanga. Kile kingine chenye minara ya mawasiliano kinaitwa Bondwa. Hiyo ni sehemu tu ya Milima ya Uluguru, maana safu inaendelea kusini mpaka kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600. Milima hii iko kwenye Tao la Mashariki, ule mlolongo unaoanzia Taita kule Kenya, ukapita Upare na Usambara mpaka Udzungwa. Misitu yake ni ya kale mno na imekaa peke yake muda mrefu, ndiyo maana kuna viumbe ambao Mungu aliwaweka hapa tu. Yupo ndege mmoja, jamii ya mbwigu, mgongo kijani na tumbo la njano, ambaye dunia nzima haonekani kwingine isipokuwa Uluguru. Wazungu wanapanda ndege kutoka Ulaya, wanalala kwenye mahema na kunyeshewa, ili tu wamsikie akilia. Sisi tuko mwendo wa saa mbili na hatujui hata kama yupo.

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na Morningside. Unatokea mjini kwa njia ya Boma, unapandisha ukiusikia Mto Morogoro ukigombana na mawe, unapita bustani ya Rock Garden ambako wengi wenu ndiko huishia, kisha unaendelea. Mpanda mlima wa kawaida hutumia saa mbili au tatu. Anayesimama kila kona kupiga picha ajipangie nne. Juu kuna nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walikuwa wakikimbia joto la mjini, na ukifika pale hutawalaumu. Upepo unakupiga, jasho linakauka, na mji mzima umelala chini kama umemwagiwa vibiriti. Karibu na hapo kuna maporomoko ya Choma, maji yake baridi mpaka meno yanagongana.

Lakini mimi nitakwambia kizuri kuliko nyumba ya Mjerumani. Ni ile njia yenyewe. Toka saa kumi na mbili asubuhi na utapishana na kina mama na vijana wanateremka, kichwani wamebeba vikapu vya karoti, mboga za majani na ndizi, wanakwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wewe unahema na kichupa cha maji, yeye ana mzigo wa kilo nyingi na bado anapiga soga. Toa salamu bwana. Usipite kama gogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mnakwenda wapi na viatu hivyo?"

Swali hilo utaulizwa, jiandae. Na usije ukamdharau mama wa Kiluguru kwa sababu ya kanga iliyochakaa. Huku ardhi kwa jadi hufuata ukoo wa mama. Lile shamba ulilosimama upige picha, na kukanyaga miche ya watu, yawezekana kabisa ni la ukoo wake.

Lupanga ni habari nyingine. Pale hakuna utani. Ni siku nzima, unaanza alfajiri, njia inapanda kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, chini ni mizizi na utelezi, juu ukungu. Huko ndani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, hekta zaidi ya 24,000, kwa hiyo unahitaji kibali cha watu wa misitu na unahitaji kiongozi anayeijua njia. Vibali na viongozi vyote vinapatikana mjini, ulizia siku moja kabla. Vaa raba zenye meno. Kandambili waachie wanaokwenda ufukweni. Beba sweta, koti la mvua, maji na kitu cha kutafuna. Miezi ya Machi mpaka Mei, masika yakishika, ahirisha tu, mlima hauhami. Juni mpaka Septemba ndio wakati mzuri, ingawa baridi yake inauma.

Na ukifika kileleni huenda usione kitu ila mawingu meupe. Watu wanalipuka kwa hasira: "Yaani tumepanda saa tano kuja kuangalia ukungu?" Ndiyo. Ukungu ndio wenye mlima. Kaa kidogo, ule ndizi yako, huenda wakafungua dirisha dakika mbili, ukaona mpaka kwenye tambarare za upande wa pili. Wakifunga tena umeshapata chako.

Kina dada na kina kaka mlio kwenye mambo ya uchumba, nisikilizeni vizuri. Ukitaka kujua tabia ya mtu usimpeleke disko. Disko kila mtu ni malaika. Mpeleke Lupanga. Baada ya saa tatu za matope utajua kama anakungoja au anakuacha, kama anagawana maji au anakunywa kwa siri, kama anamheshimu kiongozi au anamfokea kama mtumwa. Nawajua wawili waliopanda wakiwa wachumba na wakashuka kila mmoja na njia yake. Bora ilikuwa hivyo, ukumbi ulikuwa haujalipiwa.

Sasa tuzungumze kidogo lile ambalo halipo kwenye picha zenu. Vijito vile mnavyovirukia kwenye njia ya mlimani havipotei. Vya upande wa mjini vinaingia Mto Morogoro na Ngerengere. Vya upande wa Mgeta na Matombo vinafanya Mto Mgeta na mingine, na yote hiyo hukutana ikawa Ruvu. Na Ruvu ndiyo sehemu kubwa ya maji ya bombani Dar es Salaam. Ndiyo, hayo unayooga pale Tabata! Mnakumbuka mwisho wa mwaka 2022, Ruvu ilipopungua mpaka maji yakagawiwa kwa zamu, ndoo ikawa mali na watu wakawa wanaulizana ratiba ya mtaa kama ratiba ya ligi? Mvua zilikuwa zimegoma, hilo kweli. Lakini hata mvua ikija, mlima uliokatwa miti na kuchomwa moto hauwezi kuyashika maji. Yanateremka siku moja na udongo wake, kesho mto ni mchanga.

Kwa hiyo nikimwona kijana wa Jiji kaingia kwenye kijito cha mlimani na sabuni na povu mpaka kichwani, kisha anaacha chupa tatu za plastiki na pakiti ya biskuti, nashindwa hata kukasirika. Anajichafulia bomba lake mwenyewe! Na hapo katikati kuna watu vijijini wanachota maji hayohayo ya kupikia.

Na kuna tabia nyingine inaniudhi zaidi. Mtu jana usiku kanunua bia za hoteli kwa bei ya kuumiza, kimya, hakusema neno. Leo asubuhi anakutana na kiongozi, kijana wa hukohuko kijijini, aliyezaliwa kwenye njia ile, anaanza kuvutana naye kwa elfu tano. "Punguza bwana, si tunatembea tu?" Jamani! Kijana yule ana njia chache za kupata mshiko. Anaweza kulima kwenye mteremko uliochoka, anaweza kuchoma mkaa, anaweza kwenda Dar kuuza soksi juani. Au anaweza kukuonyesha msitu ukiwa bado umesimama, akalipwa, na kesho akawa na sababu ya kutaka uendelee kusimama. Mlipe. Ukitaka kupunguza gharama punguza bia.

Mwenye siku mbili au tatu asikose Mgeta. Unachukua barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga karibu na Mzumbe unakunja kushoto na kuanza kupanda, makona kwa makona, mpaka Langali na Nyandira. Wakati wa mvua barabara ina vituko vyake, na kama una roho nyepesi usikae dirishani upande wa bonde. Lakini ukifika! Milima yote imechongwa ngazi kwa ngazi, kabichi hapa, njegere pale, viazi kule, na baridi ya kukufanya ulale na soksi. Kabichi nyingi mnazogombania sokoni Dar zimetokea huku. Msimu ukikukuta utapata pichesi na plamu zimeiva mtini. Na kuna maziwa ya mbuzi, tena mbuzi wenye asili ya Norway, walioletwa kwa mpango wa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1988. Usikunje pua kabla hujaonja.

Hizo ngazi za mashambani nazo zina kisa. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ilianzisha mpango wa kuwalazimisha Waluguru wachimbe matuta ya ngazi milima yote, kwa amri na faini. Watu walichoka, na mwaka 1955 upande wa Matombo kukazuka vurugu kubwa mpaka mpango ukafa. Leo Mgeta wanachonga ngazi zao wenyewe, bila kiboko. Amri na hiari haviwezi kuzaa kabichi sawa.

Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, ni mvua karibu mwaka mzima, kwa hiyo ni kijani tupu, na viungo vinalimwa: mdalasini, karafuu, pilipili manga. Nunua huko, pilau lako litakushukuru.

Tukirudi mjini, msidhani nimewasahau wenye magoti mabovu. Pale SUA kuna panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kazi inayofanywa na shirika la APOPO tangu mwaka 2000. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20, malipo yake ni ndizi na karanga. Wa kwao aliyeitwa Magawa alipelekwa Cambodia akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 Waingereza wakamvisha nishani ya dhahabu. Panya wa Moro kavaa medali, wewe na digrii yako bado unatafuta kazi! Wageni hupokewa kwa miadi, kwa hiyo piga simu kwanza.

Mazimbu nenda taratibu, pale si mahali pa makelele. Vijana wa Afrika Kusini waliokimbia makaburu walijengewa shule hapo, wakaiita jina la Solomon Mahlangu, mwenzao aliyenyongwa Aprili 6, 1979. Hata mkutano mkubwa wa ANC wa mwaka 1969 ulifanyika Morogoro hapahapa. Mwaka 1992 waliikabidhi shule kwa Tanzania, leo ni kampasi ya SUA. Makaburi yao yapo. Wengi walifia hapa wakiwa na umri wenu huohuo wa kujirusha, hawakuiona nchi yao ikiwa huru.

Na usiku? Msione siku hizi Dar inajifanya mama wa starehe. Wakati fulani ilikuwa ni Dar ndiyo inakuja Moro kucheza dansi! Hapa ndipo walipotambiana Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, mji umegawanyika nusu kwa nusu kama Simba na Yanga. Salum alifariki mwaka 1965, Mbaraka ajali ikamchukua kule Kenya Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Ingia baa yoyote ya kizamani mitaa ya katikati, tafuta mzee mwenye kofia, mwagizie kinywaji kimoja, shikamoo mbele, halafu mwulize kati ya hao wawili nani alikuwa zaidi. Hutalala mapema. Wa kizazi chetu nao wapo, Afande Sele alipotwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004 Moro nzima ilitembea kifua mbele.

Mikumi nimeiacha mwisho makusudi kwa sababu kila mtu anaijua. Hifadhi ya tangu 1964, kilomita za mraba 3,230, barabara kuu inapita katikati. Ukiwa na hela kodi gari uingie ndani asubuhi na mapema. Ukiwa huna, panda basi la mchana la kwenda Iringa, kaa dirishani, na kwa mara ya kwanza maishani mwako ACHA PAZIA WAZI. Twiga, swala, nyumbu, na siku ya bahati tembo, wote kwa nauli ya basi. Mwenye gari lake apunguze mwendo. Kila mnyama ana faini yake ukimgonga, na ya tembo inatajwa kwa dola. Utauza hilo gari na bado utadaiwa.

Siku ya kurudi amka mapema kidogo upitie Soko la Kingalu, ununue ndizi, karoti na magimbi. Bei ni ya mlimani, na huenda muuzaji akawa yule mama mliyepishana naye juzi. Atakuuliza kama viatu vilirudi salama. Treni haimsubiri mtu, Kihonda ni mbali, toka na saa nzima mkononi.

Wiki ijayo panapo majaliwa tutakuwa Bagamoyo, kwa wale wanaolia kwamba Moro haina bahari. Haya, kwaherini, na raba zenu zisafisheni!